Namba ya Pili ya Jeraha la Gwakisa

Atupele, mwanangu,

Mambo ya sabuni, shuka na namna ya kumsalimu matroni sitayaandika hapa. Shangazi zako wamekwisha kukuambia mpaka nikaona macho yako yakitafuta mlango. Sanduku lako nimelifunga kwa kamba ya katani kwa sababu kitasa chake hakiaminiki. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, mimi mvua imenishikia ndani, na hapa mezani pana daftari lako la zamani la hesabu lenye kurasa zilizobaki. Nimeona niandike. Kwa mdomo nimejaribu mara nyingi, na kila mara niliishia kukuuliza kama umekula.

Jumapili mchungaji alikusimamisha mbele ya watu. Akasema unakwenda kusomea utabibu, akasema unafuata nyayo za mama yako aliyetunza habari za wagonjwa wetu miaka mingi. Watu wakapiga makofi. Wameniambia kwamba uligeuka kunitafuta na hukuniona. Nilikuwa nje, chini ya mlonge, na watoto wadogo, nawaimbisha. Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana.

Uliwahi kuniuliza, ulipokuwa kidato cha pili, kwa nini siku za Meza ya Bwana ni mimi tu ninayetoka na watoto. Nilikujibu kwamba Bwana alisema waacheni watoto wadogo waje kwangu. Nilimfanya Bwana kanga ya kujifunika, mwanangu. Sijala mkate ule wala kugusa kikombe kile tangu ulipokuwa na miaka sita. Sababu yake ndiyo barua hii.

Jana, ulipokwenda Tukuyu kupiga picha za pasipoti, Gwakisa alikuja hapa. Ndiyo, yule yule unayemwita babu, ingawa amenizidi mimi umri kidogo tu. Nilimwona kutoka dirishani akipanda kilima chetu. Alishika uzio wa kwanza akasimama. Akaja mpaka kwenye mparachichi, akasimama. Mgongoni alikuwa na ndizi za mbalaga amezifunga kwa majani. Kijana wa umri wako angefika hapa kwa kukimbia. Yeye alifika mimi nimekwisha kuosha vyombo vyote na kuvipanga.

Nikamwambia, "Ugonile, kaka. Karibu."

Akanyoosha kiganja, maana yake ningoje. Akakaa kwenye kinu. Alipopata pumzi akasema, "Ndaga. Hizi za mtoto. Asome vizuri. Mama yake alituandika wote vizuri."

Nikasema asante. Nikamletea maji. Akanywa, akaenda zake, akisimama tena pale pale aliposimama wakati wa kupanda. Mimi nikabaki na zile ndizi mikononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

Sasa nikurudishe nyuma. Nilimaliza darasa la saba, nikaajiriwa hospitali ya misheni kufagia. Jina la hospitali sitalitaja, maana kosa halikuwa la nyumba ile, na waliopo pale sasa hawalijui. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka waliniweka mapokezi. Baba yako alikuwa amefariki, wewe ulikuwa mgongoni, na kazi ile niliipenda kupita ninavyoweza kukueleza. Kulikuwa na daktari kijana aliyetoka Dar es Salaam. Hakujua Kinyakyusa hata cha kuombea maji. Wazee wetu wengi nao hawakuwa na Kiswahili cha kuelezea maumivu. Basi mimi nikawa mdomo wao na sikio lake.

Daktari yule alikuja na kitabu kinene cha namba za magonjwa. Kila ugonjwa una namba yake, akanifundisha, ili mtu wa Tukuyu na mtu wa Ulaya wakisema kitu kimoja kiwe kimoja kweli. Lakini jeraha, akasema, lina namba mbili. Ya kwanza inasema kilichoharibika: ni mkono, ni tumbo, ni kifua; na kama ni kifua, je, kitu kiliishia kwenye nyama au kilipenya mpaka ndani yanakokaa mapafu? Ya pili inasema jinsi kilivyofika pale: ameanguka, amegongwa na gari, amejichoma, amechomwa na mtu.

"Mama Atupele," alikuwa akipenda kusema, "namba ya kwanza inamtibu huyu. Ya pili inamtibu jirani yake."

Nami nikawa hodari wa ile ya pili. Si kwa kusoma, ni kwa kuwajua watu wangu. Unajua mtu aliyejeruhiwa na mwenzake alitakiwa aje na fomu ya polisi, ile PF3. Polisi ni Tukuyu, gari ni la kubahatisha. Kwa hiyo kila aliyeletwa alikuwa "ameanguka". Kwa rejesta zetu za zamani ungedhani Wanyakyusa hawajui kusimama. Siku moja bibi mmoja alimleta mumewe ana kidonda begani, akasema ameangukia kisu shambani.

Nikamuuliza, "Bibi, kisu kilikuwa kimesimama chenyewe shambani?"

"Mwanangu," akasema bila kupepesa, "kilikuwa kimeota."

Tulicheka mpaka mgonjwa naye akacheka akishika bega. Kisha nikaandika ukweli, mzee akashonwa kwanza, na mtoto wake akapanda baiskeli kuifuata fomu. Nakueleza hili uelewe jambo moja: ukweli haukumzuia mtu kutibiwa mikononi mwa daktari yule. Kwa hiyo mimi sikuwa na kisingizio.

Zile zilikuwa siku za ruksa, serikali imefungulia watu biashara. Kabla yake ndizi zetu tulikula na zilizobaki tulipelekea ndugu Kyela tukaletewa mchele. Ghafla malori ya Dar yakaanza kusimama barabarani, kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Mjomba wako Ambakisye alikuwa wa kwanza kwetu kuwa dalali. Unamjua mjomba wako: anacheka na kila mtu, hawezi kupita mtoto bila kumpa pipi. Ndiye aliyenifunika baba yako alipofariki. Shemeji zangu walipoanza kuzipima mbao za paa letu kwa macho, yeye alikuja akalala mlangoni na mkeka wake mpaka wakaacha. Nyumba unayotoka kesho imesimama kwa sababu yake. Naliandika hili kwanza, kwa sababu yanayofuata si mazuri, na nisingependa uyasome ukiwa umelisahau.

Siku ile lori lilikuwa linapakiwa, watu wamejaa, manyunyu yameanza. Ambakisye alikuwa ameikubali mikungu ya mama yake Gwakisa tangu asubuhi. Lori lilipokaribia kujaa akaitupa chini, akasema ni midogo, achukue akawalishe nguruwe. Mama yule alikuwa mtu mzima, ameibeba kichwani kutoka bondeni. Gwakisa akaiokota akapanda nayo lorini kuirudisha. Wakati ule Gwakisa alikuwa mtu wa kifua kweli kweli. Akiimba besi kanisani, ulikuwa unaisikia kwenye ubao wa benchi kabla ya sikio. Alimsukuma mjomba wako mbele ya wapakiaji wake, nao wakacheka. Ambakisye alikuwa na kisu cha kukatia mikungu. Gwakisa alipogeuka kuuinua mkungu mwingine, mjomba wako alimchoma chini ya kwapa la kushoto, upande wa mgongoni. Mara moja tu.

Haya yote sikuyaona. Ambakisye aliniambia mwenyewe, maana yeye ndiye aliyetangulia kufika mapokezi, akikimbia, kabla ya waliobeba machela. Alinishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi, ikanatana na yangu.

"Dada, nimeua mtu."

"Nani?"

"Gwakisa. Dada, nifiche. Wewe ndiye unayeandika."

Wakamwingiza Gwakisa. Damu haikuwa nyingi. Nilishangaa, nikamshukuru Mungu, nikafikiri basi si kitu. Ulikuwa mpasuko mdogo tu, kama mdomo wa mtoto aliyenuna. Sikujua wakati ule, au sikutaka kujua, kwamba jeraha la kifua likinyamaza nje huenda linasema ndani. Wapakiaji waliomleta walikuwa watu wa mjomba wako. Walinitazama mimi, hawakumtazama mgonjwa.

Daktari akatoka akifunga kamba za gauni. Kulikuwa na mama amekwama na uchungu, mtoto amelala vibaya, chumba cha upasuaji kinamngoja. Akainama, akaweka kipimo kifuani kwa mbele, akasikiliza kidogo.

"Kimemchoma nini?"

Gwakisa alikishika kiwiko changu. Alinishika kweli, nikasikia kucha. Akafungua mdomo, likatoka "Ma..." na pumzi ikakatika hapo. Akavuta tena. Alikuwa anataka kuongea, mwanangu. Alihitaji muda mfupi tu, kama wa mtu anayemeza mate.

Mimi nikampapasa kichwa, nikasema kwa sauti ya upole kabisa, "Tulia, kaka. Usijichoshe." Kisha nikamgeukia daktari, "Ameangukia mwanzi wa uzio, daktari. Alikuwa anapakia ndizi, akateleza."

"Umezama?"

"Wanasema ni juu juu."

Hakuna aliyesema ni juu juu. Wala hakuna aliyesema mwanzi. Daktari alikuwa amezoea kuniamini. Akamwambia tabibu asafishe vibanzi na ashone, akakimbilia kwa yule mama. Nami nikakaa kwenye kiti changu, nikafungua rejesta, nikaandika kwa mwandiko wangu ule unaosifiwa. Namba ya kwanza: jeraha la kifua lisilopenya. Namba ya pili: kuanguka. Nilipomaliza nikapuliza wino ukauke.

Nilimwomba Mungu jioni ile kwa machozi. Lakini unajua niliomba nini? Niliomba uongo wangu uwe kweli. Niliomba jeraha lile liwe juu juu.

Haikuwa hivyo. Damu ilikuwa inajikusanya ndani, taratibu, inalikandamiza pafu. Tabibu alikuwa ameandikiwa mwanzi, akatafuta vibanzi, hakuviona, akashona, akaridhika. Kesho yake midomo ya Gwakisa ikawa rangi ya zambarau. Daktari akaja, akagonga mgongo kwa vidole, kushoto kukatoa sauti ya gogo. Nikamwona uso unambadilika. Akamwekea mpira ubavuni, mwisho wake ukatumbukizwa kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Ile chupa ilibubujika, Atupele. Ofisi yangu ilitenganishwa na wodi kwa ukuta mmoja wa mbao. Nilikaa nikiandika malaria na minyoo huku naisikia ikibubujika. Baadaye usaha ukaingia. Pafu lililokandamizwa likagandamana, halikufunguka tena kama zamani. Alipona kwa maana ya kwamba hakufa.

Siku moja daktari alikuja akasimama mbele ya meza yangu. Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, hakuwa amekasirika.

"Mama Atupele, jeraha lile ni jembamba na limekwenda mbali. Kweli ulikuwa mwanzi?"

Hapo nilipewa mlango, mwanangu, umefunguliwa wazi, na aliyeufungua ananiita kwa jina lako. Nikasema, "Ndivyo walivyosema waliomleta."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi ni kosa langu. Nilipaswa kumgeuza nimsikilize mgongoni mwenyewe." Akaondoka na kosa langu akiamini ni lake. Alihamishwa baadaye, sijui yuko wapi. Kila ninapomwombea nasita, sijui nimwombee kama mtu gani.

Ungeweza kuniambia, mama, ulikuwa umeogopa, na ndugu ni ndugu. Mimi mwenyewe nimejiambia. Lakini ngoja, hatujafika mahali penyewe.

Gwakisa alipotoka hospitali alikwenda polisi na mama yake. Polisi wakataka maandishi ya hospitali. Maandishi yakasema mwanzi, yakasema kuanguka. Shauri likarudishwa kwenye baraza la kata, likageuka. Ambakisye hakuwa tena mshtakiwa, akawa aliyesingiziwa. Gwakisa alisimama akasema, "Nilichomwa kisu," na alikuwa anapumua kati ya neno na neno, na mzee mmoja akasema kwa huruma kwamba homa ya hospitali humwonyesha mtu mengi. Wakaniita mimi. Nilivaa gauni langu la bluu. Wakaniuliza kama kitabu kinasema hivyo. Nikasema, "Ndivyo kitabu kinavyosema." Unaona nilivyokuwa mjanja? Hata pale sikutamka uongo mwenyewe. Nilimtuma karatasi.

Mama yake Gwakisa akaamriwa kuleta mbuzi wa kumwomba radhi mjomba wako. Alimleta. Alimvuta kwa kamba mbele ya watu, akapiga magoti kwa Ambakisye, mtoto aliyempakata alipokuwa mchanga. Akamwita baba, akasema, "Nisamehe, tata, nilikusema vibaya." Mbuzi akachinjwa, kama ilivyo desturi, pande zote mbili zikala pamoja ili neno liishe. Nilipewa ubavu. Mama yule alinikabidhi kwa mikono yake miwili.

Nilikula, Atupele. Nilikula nikamaliza.

Mama yule amezikwa akiwa mwongo katika kumbukumbu za kata hii. Wewe ulikuwepo msibani, uliimba.

Jambo lingine. Ulikuwa darasa la tatu au la nne. Mlikuwa mnacheza na wenzako hapo uani, mnamwigiza Gwakisa akiimba kwaya: mnashika kitabu, mnachezesha midomo bila sauti, halafu mnahema kama mbwa wa jua kali. Ninyi mlikuwa watoto, na kweli alikuwa hivyo, anafungua mdomo wakati wa besi na haitoki. Nilitoka na fimbo ya mparachichi nikakuchapa mpaka jirani akaruka uzio kuniondoa. Siku zile ulilala kifudifudi. Ukaja kuniomba msamaha, ukasema hutawacheka wagonjwa tena maisha yako yote. Nafikiri ndipo mapenzi yako na kazi hii yalipoanza. Sikuwa nakufundisha adabu, mwanangu. Nilikuwa namchapa yule aliyekaa kwenye kiti na kupuliza wino, na mgongo uliokuwa karibu ulikuwa wako. Kwa hilo nakuomba msamaha kabla ya yote.

Leo asubuhi mjomba wako alikuja kulikagua sanduku, kuona kama litaingia kwenye pikapu yake pamoja na magunia. Nilimwambia nje, karibu na zizi. Nilimwambia sitavumilia tena, nitakwenda kwa Gwakisa, kisha barazani.

Akacheka kwanza. "Dada, umeota? Mambo ya enzi zile! Mtoto anaondoka kesho, wewe unafukua makaburi."

"Mama yake yumo kwenye mojawapo."

Unajua anavyozungusha kofia akikasirika? Akaizungusha. "Unataka niende jela nikiwa na mvi? Nani alikulalia mlangoni? Nani anampeleka huyu binti Mbeya?"

"Ni wewe. Sijasahau hata usiku mmoja."

"Basi nyamaza."

"Ambakisye, ulimchoma."

Akanisogelea, akasema polepole, hakupiga kelele. "Mimi nilimchoma nikiwa na hasira, dada. Nikajuta kabla kisu hakijatoka. Wewe ulimwandika ukiwa umekaa kitini. Ukaja ukarudia siku nyingine, na siku nyingine. Tukienda kuhesabiwa mbele za Kyala, Mungu wetu, usijiweke nyuma yangu."

Akapanda gari akaondoka. Amesema hatakuja kesho. Sikumwita arudi. Nilikaa pale zizini, na kwa mara ya kwanza nilimsikia mtu akinisoma kama nilivyoandikwa.

Niliacha kuandika hapo juu, wewe utaona wino umebadilika. Mvua ilikuwa imekatika. Nilimfungua beberu wetu mweusi, nikachukua njia ya chini ya migomba ili nisikutane na watu. Nimerudi sasa hivi, na wewe bado uko kwa wenzako, nasikia mnaimba.

Gwakisa alikuwa amekaa barazani kwake anapanga chumvi na mafuta ya taa vya kuuza. Alimwona mbuzi kabla yangu. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa Kinyakyusa, kwa sababu kwa Kiswahili nilikuwa nimekwisha kumdanganyia. Nilipomaliza alifunga mfuko wa chumvi, akaufungua, akaufunga tena.

"Nilikuwa nasikia," akasema.

Sikuelewa. "Unasikia nini, kaka?"

"Siku ile. Ulivyomwambia daktari. Mimi kifua ndicho kilichokuwa kimetobolewa," akapumzika, "si masikio."

Miaka yote hii, Atupele. Barazani, kwenye ubavu ule wa mbuzi, kanisani kila Jumapili. Jana kwenye kinu chetu.

Nikamuuliza, sijui nilipata wapi ulimi, "Sasa jana ulileta ndizi za nini? Ukasema niliwaandika vizuri?"

"Ndizi nilimletea mtoto. Hana kosa." Akavuta pumzi. Mimi nikangoja. "Maneno nilikuletea wewe. Nilitaka nione utayaweka wapi."

Nikapiga magoti pale kwenye matope, kama mama yake alivyopiga. Akageuza uso. Hakusema amenisamehe, nami sikuandikii hapa kwamba alisema. Nikamnyooshea kamba ya mbuzi, akatikisa kichwa.

"Wa mama yangu alivutwa mbele ya watu. Huyu wako pia aje mbele ya watu. Umwite marehemu kwa jina lake. Useme hakusema uongo." Akapumzika tena, muda mrefu. "Kifua changu hutaweza kukiandika upya. Yeye utamweza."

Baraza linakaa Alhamisi. Nitakwenda. Sijui polisi watafanya nini na mjomba wako, wala na mimi. Sijui kama bado kuna rejesta ile, au panya wamekwisha kula. Nitasema kwa mdomo. Utakapokuwa darasani, huenda mtu wa nyumbani akakuandikia kwamba mama yako ameaibika. Ni kweli, ila ujue aibu haikuanza Alhamisi. Nimekaa nayo tangu ukiwa mdogo, nimekupikia nayo, nimekusuka nywele nayo. Alhamisi naitoa nje tu.

Mjomba wako usimchukie. Akikuandikia, mjibu. Alikupenda kabla hujaota meno, na hilo nalo ni kweli, liandike pembeni ya lile jingine.

Mchungaji alisema unafuata nyayo zangu. Zifuate mpaka mlango wa mapokezi, kisha zitazame vizuri zilivyopinda, uweke zako kwingine. Watakufundisha namba mpya, vitabu vimebadilika, sitajifanya najua. Langu ni neno moja tu, nililolipata kwa mtu aliyelala kwenye machela. Yule anayeletwa na watu wanaomsemea, mgeuze umtazame mgongoni, kisha muulize mwenyewe. Hata kama daktari ana haraka. Hata kama waliomleta ni ndugu zako.

Kwa kuwa pikapu haiji, tutatembea mpaka barabarani kuliwahi gari la asubuhi. Mimi nitatangulia na sanduku. Wewe nyumba ya Gwakisa usiipite. Ingia, mshukuru kwa ndizi, na usimwite babu, mwite baba. Atataka kukuambia kitu, na hakitatoka mara moja. Utasikia gari linapiga honi kule chini, na mimi huenda nikakuita. Usiondoke. Kaa naye pale barazani mpaka apate pumzi amalize.

Mimi mama yako,
Mama Atupele